Jina Stanley asili yake nini? La mtu, la ukoo au la kijiji?

Mgogo_wa_Leeds

Habarini wakuu, nina swali limenikaa kichwani wiki ya pili sasa, wenye kuelewa mambo ya majina naomba mnisaidie. Kwenye paspoti jina langu la mwisho ni Stanley. Sina tone la damu ya Kizungu, ni utaratibu wetu tu Bongo, babu mzaa baba alibatizwa Stanley kule Mpwapwa, mi nikaandikwa jina langu, la baba, halafu la babu. Nilivyofika huku Uingereza hilo la babu ndo likageuka ukoo wangu, barua zote zinakuja za Miss Stanley, mwanzoni nilikuwa naziacha mezani nikidhani za mpangaji mwenzangu.

Sasa kazini kuna mama mmoja mtu mzima akaniuliza eti mi ni Stanley wa upande gani, maana mume wake naye ukoo wao ni Stanley. Nikamwambia wa Mpwapwa, akaitikia kwa kichwa kama anapajua vile. Juzi tena niko kwenye basi natoka Leeds naenda Wakefield, nachungulia dirishani naona kibao cha barabarani kimeandikwa STANLEY, kumbe ni kijiji! Nilishtuka kama nimeona jina langu kwenye tangazo la msiba.

Kwa hiyo: kijiji kiliitwa kwa jina la mtu au mtu ndo aliitwa kwa jina la kijiji? Lina maana yoyote au ni sauti tu? Na la tatu ndo linaloniuma zaidi, babu yangu alipewa hilo jina kwa ajili ya yule Stanley wa kumtafuta Livingstone? Maana nimesoma soma aliyoyafanya Kongo na jinsi alivyokuwa anatembeza bunduki njiani, sina raha nalo kabisa, nimeshafikiria hata kulibadilisha.

Seremala_Buguruni

Dada yangu mi miaka ishirini kwenye fani najua Stanley moja tu, futi na randa 😂 Babu yako alikuwa fundi huyo, usibadilishe kitu.

MzeeWaKamusi

@Mgogo_wa_Leeds swali zuri sana, ngoja nilijibu taratibu.

Mahali ndo palianza, mtu akafuata. Stanley ni Kiingereza cha kale, kile cha kabla Wanormani hawajavamia mwaka 1066, na ni maneno mawili yameshikana. Stan ni jiwe. Leah mwanzoni lilikuwa msitu, baadaye likawa na maana ya sehemu ya msitu iliyofyekwa watu wakakaa au wakachunga. Kwa hiyo Stanley ni fyeko la mawe, yaani wamefyeka miti, chini wakakuta mawe matupu, basi pakaitwa hivyo. Hiyo leah imejaa kwenye majina ya Kiingereza mnayoyasikia kila siku na hamjui, Ashley ni fyeko la miti inayoitwa ash, Wesley wa Wamethodisti ni fyeko la magharibi, Wembley ni fyeko la bwana mmoja aliyeitwa Wemba, huyo yumo kwenye hati ya mwaka 825. Sisi tunaona uwanja wa mpira, kumbe ni shamba la Wemba.

Sasa usidhani Stanley iko moja, ziko nyingi. Hiyo uliyoiona karibu na Wakefield ni mojawapo, kuna ya Durham, ya Derbyshire, ya Staffordshire, Gloucestershire ziko mbili jirani, King's Stanley na Leonard Stanley. Hata Stoneleigh ya Warwickshire ni jina lile lile limetamkwa kivingine. Ukiuliza kwa nini ziko nyingi hivyo basi jiulize kwa nini Tanzania kila mji una Mbuyuni. Hakuna aliyemuiga mwenzake, mibuyu iko kila mahali. Na Uingereza mawe hayakuwa haba.

Sasa la ukoo. Zamani Waingereza nao hawakuwa na majina ya ukoo, walikuwa na jina moja kama babu zetu. Baada ya Wanormani kuingia mabwana wakubwa wakaanza kujiita kwa ardhi zao, fulani wa mahali fulani, kisha tabia ikashuka taratibu mpaka kwa watu wa kawaida, ilichukua karne kadhaa. Na hapa kuna kitu watu hawakitegemei, mara nyingi mtu wa kawaida alipata jina la kijiji baada ya KUHAMA hicho kijiji. Ukiwa Tanga nani atakuita Juma wa Tanga, wote si wa Tanga? Nenda Mbeya ndo utaitwa Juma wa Tanga, na wanao wataitwa hivyo hivyo hata kama Tanga hawajaiona. Kwa hiyo akina Stanley wa Uingereza wengi hawana undugu wowote, mmoja babu yake alitoka Stanley hii, mwingine ile. Mwambie huyo mama wa kazini mume wake naye akamuulize mtu wa upande gani.

Bahari_ya_Lamu

Nikazie hapo kwa Mzee. Sisi watu wa pwani hili jambo tunalo kitambo, ndio ile nisba ya Kiarabu. Mtu ametoka Lamu yuko ugenini anaitwa al-Lamuy, Farsy ni wa Uajemi, Shirazi ni wa mji wa Shiraz, na wangapi wanajiita Washirazi leo ambao Shiraz hawajui iko upande gani wa ramani? Tofauti ni kuwa nisba inajionyesha, ile i ya mwisho ushajua ni ya mahali, lakini Mwingereza ameangusha ile "wa" njiani akabaki na jina la kijiji limesimama peke yake kama mtu.

Kopite_254

Wasee hii thread imenibamba. Mimi ni mtu wa Liverpool (timu, si mji, mimi niko Nakuru). Kati ya viwanja vya Anfield na Goodison kuna bustani inaitwa Stanley Park, ilifunguliwa 1870, Everton wenyewe walianza kucheza hapo ndani kabla wapate uwanja. Iliitwa hivyo kwa sababu ya familia ya Stanley, na hiyo familia si mchezo. Walitoka Stanley ya Staffordshire, kabla ya hapo ni tawi la ukoo wa Audley, wakapata ardhi Stanley wakajibadilisha jina. Mwaka 1405 mfalme akawapa kisiwa cha Man chote. Halafu 1485 kwa vita vya Bosworth Thomas Stanley na ndugu yake William wakaja na jeshi lao wakasimama kando wanaangalia nani anashinda, alafu William akaingia upande wa Henry Tudor dakika za mwisho, Richard wa Tatu akauawa. Thomas alikuwa baba wa kambo wa huyo Henry, kwa hivyo mwaka huo huo akafanywa Earl (cheo cha ubwana) wa Derby. Siasa za kwetu ati mnasema ni chafu 😂

Sasa sikia hii. Earl wa 12 wa Derby, jina lake Edward Smith-Stanley, ndiye alipewa mbio za farasi za Epsom zikaitwa Derby, mwaka ni 1780. Zikakuwa kubwa mpaka neno likaanza kutumika kwa mashindano mengine makali. Kwa hivyo mkiwa hapo Dar mnapiga kelele dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, hilo neno limepitia kwa mtu wa ukoo wa Stanley.

Na kuna Accrington Stanley pia, lakini hiyo ni jina la barabara, Stanley Street, timu ilianzia hapo. Na Stamford Bridge ya Chelsea nayo nadhani ni hiyo stan ya mawe, kivuko cha mawe, sindio?

MzeeWaKamusi

@Kopite_254 hapo kwa Chelsea umeteleza kidogo. Stamford ile ya Lincolnshire ndo kivuko cha mawe kweli. Ya Chelsea zamani iliandikwa Samfordesbrigge, yaani daraja la kivuko cha mchanga, ile stan imeingia baadaye kwa watu kusikia vibaya. Ndo ubaya wa haya majina, huwezi kuyasoma yalivyo leo ukategemea, lazima urudi kwenye maandishi ya zamani. Hata hiyo Derby ya cheo chao wengi wanasema ni West Derby, eneo lao la Lancashire ambalo leo limemezwa na Liverpool, sio mji wa Derby wenye timu. Kwa hiyo dabi unayoisema imetokea jirani na hiyo bustani yako.

Kopite_254

Mchanga! Na hiyo ndiyo timu inajengwa hapo juu. Asante Mzee nitaenda kuwaambia Chelsea fans wa hapa kazini.

Mgogo_wa_Leeds

Jamani asanteni, nimecheka na nimejifunza, fyeko la mawe, na Mpwapwa kwetu mawe tunayo ya kugawa. Lakini lile la tatu mmelikwepa wote. Babu alipewa jina la yule bwana au la?

Binti_Ujiji

Nijibu mimi maana nimezaliwa pale pale, mwembe wa Livingstone nimeuchezea utotoni.

Kwanza ujue kwamba huyo Stanley mwenyewe hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa 1841 Denbigh, Wales, jina akapewa John Rowlands, mama hakuwa ameolewa, akalelewa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph. Akapata kazi melini kama kijana yeyote asiye na mtu, akafika New Orleans 1859, na huko kuna mfanyabiashara wa pamba tajiri aliitwa Henry Hope Stanley. Yeye alisema huyo tajiri alimchukua kama mwanae akampa jina, wanahistoria wengi wameifuatilia hiyo habari hawaamini, wanaona alijichukulia tu. Na Morton nayo aliiongeza mwenyewe baadaye. Kwa hiyo yule unayemuogopa kwamba jina ni lake, hata yeye alilikuta njiani kama wewe. Tofauti wewe umelipata kwa babu halali.

Pili, alikutana na Livingstone Ujiji Novemba 1871 na umaarufu wake ukaanza hapo, 1872 ndo dunia nzima ikamjua. Sasa angalia, Stanley Baldwin aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza alizaliwa 1867, na Stanley lilikuwa jina lake la kuitwa. Kwa hiyo Waingereza walishaanza kuwapa watoto hilo jina kabla ya huyu bwana hajasikika popote. Ilikuwa fasheni ya wakati ule kuchukua majina ya koo za mabwana wakubwa na kuwapa watoto, Howard, Percy, Clifford, Sidney, yote ni majina ya ukoo yaliyogeuzwa. Nani alimuita babu yako, na yeye alikuwa anamfikiria nani, hapo mpaka umuulize mtu wa nyumbani.

Ila sikufichi, Mpwapwa naye alipita. Na alipokuwa Buganda 1875 aliandika barua ikatoka kwenye gazeti London kuomba wamisionari waje kwa Kabaka Mutesa, CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana wa Uingereza, wakaitikia, mwaka uliofuata walishafika Zanzibar, na Mpwapwa wakaweka kituo njiani. Kwa hiyo Anglikana ya kwenu imeingia kwa mlango ule ule. Jina la babu likitokea hapo usishangae, lisipotokea hapo pia usishangae.

Tshopo_moja

Miye niko muntu ya Kisangani, naandika Kiswahili ya kwetu, munisamehe. Nyinyi munaongea Stanley ya Uingereza, sisi muji yetu yote ilikuwa Stanleyville! Tangu wakati ya Babeleji mpaka 1966, Mobutu ndiye aliitoa, ikakuwa Kisangani. Maporomoko ya mayi banaitaka Stanley Falls, leo ni Boyoma. Kule Kinshasa lile ziwa la muto lilikuwa Stanley Pool, leo ni Pool Malebo. Sanamu yake nayo ilikuwa juu ya mulima kule Kinshasa, baliiangusha. Yote ilitoka. Yenye ilibakia ni mulima tu, Mont Stanley kwa Ruwenzori, kati ya sisi na Uganda, mita 5,109, sijui juu ni mbali sana hakuna mutu alipanda kutoa kibao.

Lakini kuna kitu moja nyinyi hamujasema. Bakubwa ya Kongo hawakumuita Stanley. Balimuita Bula Matari. Ni Kikongo, bula ni kuvunja, matari ni mawe. Ni wakati alikuwa anapasua barabara kwa maporomoko ya chini, karibu ya Matadi ya leo, na hiyo Matadi nayo ni mawe. Kisha hiyo jina ikapanda, ikakuwa ya serikali yote ya Babeleji. Agent ya kodi anakuja, batu banasema Bula Matari anakuja, banakimbia pori. Stanley alishakufa, jina yake inaendelea kukamata batu.

Sasa huyo Mzee wa Kamusi anasema Stanley ni mawe. Mawe kwa mawe! Nani aliwaambia bakubwa ya Bas-Kongo?

MzeeWaKamusi

@Tshopo_moja nimeisoma hii nikasimama. Miaka yote nimefundisha Bula Matari na miaka yote najua stan ni jiwe, sijawahi hata siku moja kuyaweka pamoja. Ni bahati tu, Wakongo hawakuwa na habari na Kiingereza cha kale na sidhani hata yeye mwenyewe alijua jina alilojiokotea lina mawe ndani. Lakini ngoja niongeze moja. Alikufa 1904, alitaka azikwe Westminster Abbey pembeni ya Livingstone, wakamkatalia. Akazikwa kijijini Pirbright, Surrey. Juu ya kaburi mkewe akaweka jiwe moja kubwa la asili, refu kuliko mtu, halikuchongwa wala nini, na limeandikwa Henry Morton Stanley, chini yake BULA MATARI, 1841–1904, halafu neno moja, AFRICA. John Rowlands hayupo. Jiwe zima lina majina mawili ya mawe, moja la kuokota na moja la kupachikwa.

Kopite_254

Aiii. Hiyo ya serikali kuitwa Bula Matari imenikalia vibaya. Hapa Nairobi hoteli bado inaitwa Stanley na watu wanakunywa kahawa hapo bila shida.

Seremala_Buguruni

Haya sasa na hizi randa zangu nazo ni zake??

MzeeWaKamusi

@Seremala_Buguruni hapana tulia fanya kazi 😄 Randa na futi ni za akina Stanley wa Connecticut, Frederick wao alianza kiwanda 1843, huyo mwenzake wa Wales alikuwa mtoto wa miaka miwili. Chupa za chai ni za William Stanley mwingine kabisa, 1913. Na kikombe cha hoki cha Kanada ni cha Lord Stanley, wa ukoo ule ule wa bustani ya Kopite. Na Stanley ya visiwa vya Falkland ni ya baba yake huyo, alikuwa waziri wa makoloni. Ona lilivyozunguka, fyeko moja la mawe Staffordshire likawa ukoo, ukoo ukawa mji huko baharini karibu na Antaktika. Uskochi kuna kijiji kinaitwa Stanley pia, Perthshire, hicho kimeitwa kwa binti wa ukoo huo aliyeolewa huko. Yaani mahali pakazaa mtu na mtu akazaa mahali.

Bahari_ya_Lamu

Na Mpwapwa mtu akazaa mtu. Kijiji, kisha ukoo, kisha jina la ubatizo, na sasa kwa dada limerudi kuwa ukoo tena na limempeleka mpaka kwenye kibao cha kijiji. Mwaka gani unarudi kupima mipaka ya shamba lako dada?

Mgogo_wa_Leeds

😂😂 Shamba nalitaka kwa kweli, kodi ya nyumba huku inaua.

Jamani nimempigia shangazi Mpwapwa jana usiku, ndo mtoto mkubwa wa babu aliyebaki. Nikamuuliza babu alipewaje jina Stanley. Akaniambia "Stanley ndo nani?" Nikamwambia babu! Akasema ahaa, Sitanili. Kumbe nyumbani hakuna mtu aliyewahi kutamka Stanley hata siku moja, mke wake, majirani, hata mchungaji, wote Sitanili. Na la ubatizo alijichagulia mwenyewe akiwa kijana ameshaota ndevu, kulikuwa na mwalimu wa shule ya misheni Mgogo mwenzake anaitwa hivyo, alikuwa na baiskeli, babu akampenda. Yule mwalimu yeye alilitoa wapi shangazi hajui, anakumbuka baiskeli tu.

Basi jina silibadilishi. Ila kuna kingine shangazi amenisomea cheti cha ubatizo cha baba, kimeandikwa Stanle, hakina y mwisho. Na cheti changu cha kuzaliwa kina y. Sasa nataka kuomba uraia wa huku na wanataka karatasi zote zifanane, mwenye uzoefu wa kiapo cha majina aje inboksi tafadhali.

Seremala_Buguruni

Hiyo y nenda kaing'oe kwenye kibao cha Wakefield.